Kontrol Boksi Haikuwa Imekufa, Baba

Mpendwa Baba,

Pikapu ya Shangazi Neema imepona. Aliyethibitisha ni Fundi Zakaria wa kijiji cha Yakobi, yule yule aliyesema wiki tatu zilizopita kwamba kontrol boksi, ile kompyuta inayoongoza injini, imekufa na haina dawa. Leo saa nne asubuhi amesema mbele ya gereji nzima: "Nilikosea. Ilikuwa ethi." Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari kama ninavyoandika ya mkuu wa wilaya.

Tangu biashara ya nje ilipofunguliwa, magari ya mtumba yenye kompyuta yamejaa Makambako, na wewe ulikuwa fundi wa kwanza pale stendi kutoyaogopa. Nilipokuja likizo kutoka gazetini ulinikalisha kwenye usukani. Ncha moja ya mita ya kupimia umeme uliiweka kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye waya wa ethi wa kontrol boksi, ule unaorudisha umeme kwenye betri. Kisha ulisema, "Piga stata."

Unamkumbuka yule Alhaji mwenye malori? "Fundi, taa ya testa imewaka, umeme upo. Unatafuta nini tena?"

"Alhaji, hiyo taa inakunywa kikombe. Injini inataka ndoo."

Akacheka, lakini alisubiri.

Pikapu hiyo ndiyo inayompa Shangazi riziki tangu afiwe. Inabeba viazi kutoka Kifanya hadi Makambako. Baada ya Pasaka ikaanza kukohoa, ikawa inazima mlimani. Zakaria alipotoa hukumu yake, mnunuzi wa vyuma akapanga kuja Jumamosi kuikata aiuze spea. Nikachukua mita yako, nikaenda Yakobi.

"Kamwene, mwandishi," Zakaria alinipokea. "Leo umekuja kuihoji injini?" Mafundi wenzake wakaangua kicheko.

"Ndiyo. Na itajibu."

Nilipima kabla ya kuwasha. Mshale ulilala kwenye sifuri. "Si nilikwambia?" akasema. Nikamwomba Shangazi apige stata. Injini ilipowaka, mshale ukapanda ukapita volti moja, mahali ambapo haukupaswa hata kutikisika. Zakaria akainama chini ya boneti. Tukaufuata waya hadi kwenye bolti yake juu ya injini. Bolti ilikuwa ya bluu. Injini nzima ilikuwa ya bluu.

"Shangazi, nani kapaka rangi huku ndani?"

"Mimi ndiye niliyeagiza. Nilitaka ing'ae kama imetoka bandarini jana."

Unawajua watu wetu: boneti ikifunguliwa, lazima kung'ae. Mpiga rangi alifungua bolti, akapaka, kisha akafunga waya juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme. Zakaria akakwangua kwa msasa hadi chuma kikaonekana, akakaza. Mshale haukupanda tena, na injini ikanguruma sawasawa. Shangazi hakushukuru mtu. "Kwa hiyo mlitaka ninunue kisanduku cha bei ya ng'ombe kwa sababu ya rangi?" Hapo ndipo Zakaria alipokiri.

Baba, sina desturi ya kulia kazini na leo sikulia. Lakini nina sahihisho. Mwaka wako wa mwisho nilikwambia unapoteza muda, kwamba wenzako wanabadilisha vifaa na kumaliza kazi ukiwa bado unapima. Uliendelea kushika nyaya. Kauli ile haikuwa sahihi. Naifuta. Nilipaswa kuifuta ukiwa hai, na hilo ndilo linaloniuma. Mengine yote naridhika nayo, hasa kwamba mkono wangu ulijua pa kuweka zile ncha bila kuuliza mtu.

Mnunuzi wa vyuma ameambiwa asije. Zakaria ana magari mengine mawili ambayo alikwisha kuwaambia wenye magari hayo kwamba kompyuta zimekufa. Ameomba tuyapime ethi kabla hawajaagiza kitu. Tumekubaliana Jumatatu, saa mbili asubuhi, Yakobi.

Binti yako wa pili