Mama Mkwe Yuko Mbele Yangu Kona ya Pili: Je, Niweke Injini Kubwa?

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie upesi kabla sijafunga injini, maana injini yenyewe iko gereji imelazwa juu ya mbao, fundi anangoja niseme ndiyo au hapana, na mimi tangu nilipoona nilichokiona mdomo umeniwia mzito, mtu mzima mimi, nina mke na watoto.

Kazi yangu ni kutengeneza friji, na siku za mapumziko nashindana na gari kwenye uwanja wa mbio, si mbio za kulipwa, ni sisi watu wa kawaida tu, mmoja anauza vioo, mwingine anachomelea mageti, tumeng'oa viti vya nyuma vya magari yetu madogo, tumeweka mabomba ya chuma ndani ili gari likibiringika paa lisitubonyee, basi tunazunguka. Magari yanapangwa kwa madaraja kufuatana na ukubwa wa injini, na mimi niko daraja la chini kabisa, injini ya lita moja pointi tatu, daraja ambalo wale wenye magari makubwa wanaliita "cherehani" kwa sababu ya mlio wetu.

Katika daraja letu kuna gari la njano ambalo dereva wake anaitwa Nyuki, ndilo jina alilojiandikishia, na huyo Nyuki haongei na mtu, anafika amevaa helmeti, anaondoka amevaa helmeti, na kila mbio ananipita mahali pale pale, kona ya pili, kwa ndani, pale mimi ninapofunga breki yeye ndiyo kwanza anakuja. Nilimchukia, mshauri. Nilimsema nyumbani wakati wa kula, nikamsema hata siku mama mkwe alipokuja kututembelea, nikasimama katikati ya sebule nikaonyesha kwa mikono yote miwili jinsi nitakavyombana huyo jamaa mpaka aende kulala kwenye matairi ya pembeni, na mama mkwe, ambaye mimi akiingia chumbani nasimama, nikizungumza naye natazama zulia, akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Pole baba. Labda unafunga breki mapema." Mke wangu alicheka mpaka machozi, akamuuliza mama tangu lini na wewe unajua habari za breki.

Sasa siku moja Nyuki kanipita tena, damu ikanichemka, mbio zilipoisha nikashuka nikaenda moja kwa moja kwenye gari la njano nikaanza kugonga paa kwa kiganja, "Toka nje tuonane uso kwa uso! Toka kama wewe ni mwanamume!" watu wamejaa, mchomelea mageti ananivuta shati ananiambia kaka acha, na Nyuki ndani humo wala hana haraka, akafungua mkanda, akavua glavu moja, akavua ya pili, akavua helmeti, akajifuta jasho usoni, akanitazama. Mshauri, alikuwa mama mkwe! Mama mzazi wa mke wangu, mkunga mstaafu, bibi wa wanangu, ambaye ukoo mzima tunajua kwamba kila Jumamosi yuko kwenye kikundi cha kushona, maana kila Jumamosi anaaga vile vile, "Haya, naenda kwenye cherehani," kumbe mama wa watu wala hadanganyi! Mkono wangu bado uko juu ya paa, mdomo ukasema wenyewe, "Shikamoo mama." Akajibu, "Marahaba baba, watoto hawajambo?" Nikasema hawajambo. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Akanivuta pembeni nyuma ya mapipa ya mafuta akanieleza kwamba gari ni lile aliloliacha marehemu baba mkwe, ambalo sisi tulidhani lilishauzwa. Akasema, "Maisha yangu yote nimewaambia wanawake taratibu mama, taratibu, pumua. Nikataka na mimi siku moja nisiende taratibu." Halafu akaniomba haya yabaki kwetu, kwa sababu binti yake akijua atamficha funguo. Ningesema nini? Nikasema ndiyo mama.

Mbio zilizofuata ndizo zilizoniletea balaa. Nilikuwa nimeanza kuchelewesha breki, kama alivyoniambia mwenyewe sebuleni, na kweli, kona ya pili nikajikuta kwa ndani, ubavu kwa ubavu naye, njia ni yangu, nikageuza jicho nikaiona ile helmeti, nikakumbuka aliyemo, mguu ukanyanyuka wenyewe kwenye mafuta. Nikampisha! Mama mkwe mkikutana mlangoni si unampisha, sasa mguu utajuaje kwamba hapa si mlangoni? Mchomelea mageti alikuwa nyuma yangu, hakutegemea mtu apunguze mwendo katikati ya kona, akanigonga, gari likazunguka, likaenda kumpiga mama mkwe ubavuni, upande wa dereva. Nilisikia chuma kikilia nikajua nimemuua mama wa mke wangu. Alitoka mwenyewe kwa miguu yake, namshukuru Mungu, ila kifundo cha mkono kilikuwa kimevimba.

Jioni yake yuko kwetu, mke wangu anamfunga bendeji, anamuuliza umefanyaje mama, anajibu kwamba ameteleza kwenye ngazi, na mimi nimekaa kwenye kochi nasikia, natazama zulia. Mke wangu alipokwenda jikoni kuleta maji, mama mkwe akaniinamia akasema polepole, "Usihangaike baba. Mimi nitakupisha." Hapo ndipo nilipokufa kabisa kwa aibu, maana yeye ndiye mzazi, halafu yeye ndiye anipishe mimi kwenye kona?

Ndiyo nikaamua kuhama daraja, niende la juu, ambako yeye hayupo, nami nisilazimike kumpita wala kupitwa naye. Kule inatakiwa injini ya lita mbili, na fundi ninayemtumia, ambaye anahudumia nusu ya magari ya uwanja ule na wala hamtaji mteja mmoja kwa mwingine, amenipatia moja yenye turbo, nzima, imetoka kwenye gari lililogongwa nyuma. Lakini anasema gari langu ni jepesi na breki zangu ni za gari la kupelekea watoto shule. "Kwenda litakwenda," kaniambia, "kusimama ndiko siwezi kukuapia." Tena ananiharakisha, maana anasema injini kama hizo zilikuja mbili, ya kwanza imeshachukuliwa na mtu mzima mmoja mwenye gari dogo kama langu, naye anahama daraja letu, anasema ni mambo ya kifamilia, hataki kumzibia mtu njia. Mimi ya watu hayanihusu, yangu yananitosha.

Sasa, mshauri, niifunge injini hii nihame? Au niache mbio kabisa? Mke wangu ananiuliza mbona siku hizi jina la mama yake likitajwa nadondosha kijiko.

Ni mimi, Mkwe wa Kona ya Pili.

MSHAURI ANAJIBU

Mkwe wa Kona ya Pili, barua yako nimeianza nimekaa, nikaimaliza nimesimama. Kwenye ukurasa huu nimeandikiwa na wakwe waliogombana kwa sababu ya mapazia, kwa sababu ya kiti cha mbele, kwa sababu ya sauti ya redio. Mkwe aliyemgonga mama mkwe na gari kwa sababu ya heshima sijawahi kumsikia. Toba! Pole, mwanangu. Pole kwa fedheha, pole kwa gari, na ile pole kubwa kuliko zote mpelekee mwenye bendeji.

Ila nikuulize. "Toka kama wewe ni mwanamume" uliitoa wapi? Uliambiwa Nyuki. Kiswahili chetu hakikukuambia kama Nyuki ni bwana au bibi, wewe mwenyewe ukamvisha suruali kichwani mwako, halafu ukaenda kumgongea paa mzazi wako mbele ya umati. Shika hilo, maana nitalirudia.

Tuanze na injini. Mimi injini ninayoielewa ni ya blenda, kwa hiyo nilimpigia kaka yangu aliyeshindana mbio hizo enzi za ujana wake. Akasema daraja huchaguliwa kwanza, injini hufuata, na daraja unalichagua kwa kujua kwako kuendesha, si kwa kuangalia unamkimbia nani. Anasema injini ndogo ndiyo inayomfundisha mtu kona, kwa sababu ukikosea haikuokoi. Ukiweka hiyo ya turbo, ubadilishe na breki, na matairi, na klachi, na dereva pia, na huyo wa mwisho gereji hawamuuzi. Fundi amekwambia hawezi kukuapia kwamba gari litasimama, nawe bado unauliza uifunge au usiifunge! Baba, ulitaka akwambie kwa tarumbeta?

Na hiyo heshima yako. Mlangoni heshima ni kupisha. Kwenye kona, watu wamekazana nyuma yako, heshima ni kufanya lile ambalo wenzako wanategemea utalifanya. Ungempita mama siku ile, angekuwa na kifundo kizima na angekuja kwenu kunywa chai na kukucheka. Wewe ulimpisha ukamvunjia mlango.

Lakini hayo siyo yaliyoniinua kwenye kiti. Hebu rudi kwenye barua yako mwenyewe, pale fundi anapokuharakisha. Mtu mzima. Gari dogo kama lako. Anahama daraja lenu. Mambo ya kifamilia. Hataki kumzibia mtu njia. Na ni nani aliyekuinamia pale kwenye kochi, mkono umefungwa, akakwambia "mimi nitakupisha"? Wewe ulidhani atakupisha kwenye kona. Masikini weee! Anakuachia daraja zima! Uliandika kwa mkono wako na hukuona, kwa sababu uliposikia "mtu mzima" ukaona tena mwanamume, kama kawaida yako.

Simjui fundi wako, na huenda nimekosea. Lakini kama sikukosea, basi wewe unamkimbia mama, mama anakukimbia wewe, mnakimbilia mahali pamoja, kila mmoja na injini ya turbo ndani ya gari lisilosimama. Mtakutana kule kule, kona ile ile, na safari hiyo hakutakuwa na bendeji ya kumtosha mtu.

Sasa nisikilize. Weka gazeti chini, nenda kwa mama mkwe leo. Usipige simu, nenda. Mwamkie, kaa, acha zulia, mtazame usoni, umuulize: mama, ile injini ya turbo iliyochukuliwa kwa fundi ni yako? Akisema ndiyo, mwambie na yangu ni kama hiyo, turudishe zote mbili. Akikataa kuirudisha, mwambie nawe huwezi kunyamaza huku unamwona anakwenda kujiua.

Mkitoka hapo mwende wote wawili kwa mke wako. Mama aliomba siri, lakini siri hiyo ilikuwa ya mama na cherehani yake, haikuwa ya kifundo kilichovimba. Mficha uchi hazai, na huyo ni mkunga, maana ya hayo maneno anaijua kuliko mimi. Aanze kusema yeye, wewe ufuate. Mkeo atapiga kelele, na ana haki. Msimkatize. Anaweza kweli kuficha funguo, basi mwombe akaone mbio moja kwanza kabla hajazificha. Afadhali alie akiwa amewaona nyote mmekaa mbele yake kuliko apigiwe simu na mtu asiyemjua.

Kisha rudini kwenye daraja lenu la cherehani, na ile hamu ya injini kubwa ihamishie kwenye breki na matairi mapya. Ukiwa kwa ndani na njia ni yako, pita. Usiitafute helmeti ya mtu, tazama barabara. Shikamoo ingoje mpaka magari yamesimama.

Na kama msimu utakwisha hujampita, injini ni ile ile, daraja ni lile lile, usije ukaniandikia tena habari za heshima. Atakuwa anakushinda tu, mwanangu. Dawa alikupa tangu siku ile sebuleni: unafunga breki mapema.