Kamyo bila freni

Siku ya ine, kisha mvula

Hata alama moja ya freni haikuwa mu barabara ya Kamatanda. Nilipima na mètre ya kushona ya muke wangu, juu ile ya kazi yetu ya polisi waliiba. Niliinama mpaka mugongo ukakatala.

Muzee muuza makala ya kupikia, ule kamyo iligonga na velo, baiskeli yake, alivunjika muguu. Akaniambia: "Mutoto yangu, nilikuwa pembeni kabisa." Kweli, makala yake yote ilimwangika pembeni.

Nikapanda mu kamyo, nikakanyaga freni. Pedali ikashuka mpaka chini. Shofere hakusikia haya hata kidogo: "Chef, miye nasimamishaka na motere tu."

Ku kituo, mukubwa wangu akasema kamyo ni ya muntu wa nguvu, niandike kosa ni ya muzee. Nikaandika: kamyo haina freni. Akanirudishia karatasi. "Andika tena, muzuri."

Nikaandika tena maneno ileile, na mwandiko muzuri zaidi. Akasoma, akaniangalia sana, akatia sahihi.

Naogopa. Pengine watanituma kulinda gereza ya Buluo, juu ya kuniazibu. Lakini leo kamyo inalala ku kituo, na funguo iko mu mufuko wangu.