Pamba Uliyoikataa

Mjomba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza barua bila kukuamkia utasema kambi imenimaliza adabu. Nimekaa kwenye meza yako ile ile ya kusafishia mifupa ya kale, huku kambini korongoni, naandika kwenye karatasi ya kufungia mifupa maana nyingine hamna. Sabuni hamna. Sukari ndiyo tumeshaisahau. Upande huo mambo yako vilevile ulivyoyaacha.

Ila nyumbani kwako Ganako, Mjomba, kumeingia jambo, na jambo lenyewe ni wewe.

Mkeo, Mama Yustina, alisema unarudi. Tangu tumalize matanga, kila alasiri upepo ukishuka na ukungu kutoka msitu wa Ngorongoro, ndani ya nyumba kulisikika sauti. Fuuu. Nyembamba, inakatika, inaanza tena. Mama Yustina anaacha maharage kwenye ungo, anakimbilia kwa jirani mpaka upepo utulie. Nilipoambiwa nilicheka. Nikaenda kumjulia hali, nikapewa kikombe cha uji, na sijakimaliza ikaja. Haki ya Mungu nywele zilinisimama. Ilikuwa pumzi yako kabisa, vile ulivyokuwa unapuliza matundu ya fuvu ukishayatoa udongo.

"Umesikia?" mkeo akaniambia. "Wewe ndiye uliyemwacha wazi."

Hajasahau, na nani angesahau? Siku tulipokuosha, mimi na wazee wawili wa jumuiya, mzee mmoja alichukua pamba akaanza kuiviringisha ya puani na ya masikioni, kama anavyofanyiwa kila maiti. Nikamshika mkono. Nikasema hapana, marehemu alikataa. Ukazuka ubishi juu ya kichwa chako. Nzi je? Watu watakaokuja kuaga je? Nikasema nzi nitawafukuza mimi. Nikasimama na kitambaa pembeni yako mpaka jeneza likafungwa, na Mama Yustina akiniangalia kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona kwake.

Wao hawakukuona kazini, Mjomba. Mimi ulinileta hapa sijui hata kushika brashi, na neno la kwanza uliloniambia ni "usimwache mtu amezibwa." Hakuna jioni uliyonawa mikono kabla fuvu lililo mezani halijafunguliwa walau tundu moja: la sikio, au vile vitundu vya chini ya jicho inamopita mishipa ya fahamu. Mwiba wa mgunga, brashi ndogo, halafu pumzi. Fuuu. "Udongo umemjaa mpaka masikioni," ulisema, "maskini, toka afe hajasikia hata mtu akimwita."

Na lile kubwa la chini, wenyewe wataalamu wanaliita forameni magnamu, maana yake tundu kubwa tu, ndiko ubongo unakoungana na uti wa mgongo. Ulinifundisha kwa fuvu la yule nyani aliyeuawa kwenye mahindi yako. La nyani limeelekea nyuma. La mtu liko chini katikati, ndiyo maana kichwa chetu kinakaa juu ya shingo kama mtungi. Ukimaliza kusema hivyo unamnyatia mpishi, unambonyeza kisogoni. "Aa, wewe ni mtu kweli. Nilikuwa na wasiwasi." Mpishi bado anageuka nyuma akisikia hatua, na hakuna mtu.

Halafu akaja yule mama mgeni, mtaalamu wa tope la bahari. Wewe na mimi bahari tuliisikia redioni tu. Akatuwekea mchanga wake kwenye hadubini. Nikaona vigamba vidogo kuliko yai la chawa, vingine kama konokono, vingine kama kichala cha ulezi, na vyote vimetobolewa. Akasema wanaitwa foraminifera, wabeba matundu. Kidudu kinaishi mle ndani, kinatoa nyuzi zake kwenye vitundu kushika chakula na kutembea. Kikifa, kigamba kinazama chini kabisa, na vitundu vinabaki. Ulishika ile hadubini mpaka maharage yako yakapoa. Tukirudi hemani ukaniambia, "Mpwa wangu, siku yangu ikifika wasinijaze pamba. Kile kidudu kimekufa milango wazi, mimi nizibwe kama chupa ya gongo?" Nilicheka. Wewe hukucheka. Ukaningoja nimalize, ukasema, "Niahidi." Nikaahidi.

Sasa mkeo akaamua kaburi lifukuliwe, uzibwe kama wengine. Wazee wakaanza kukubali. Wakasema tukishavuna tu, na nisipotaka watafukua bila mimi. Mjomba, niseme ukweli, nilikuogopa. Nikakukasirikia pia. Nilisimama kaburini kwako mchana kweupe nikakuuliza kwa sauti, hicho ndicho ulichotakia njia ya kutokea, uje umtese mke wako? Watoto waliokuwa wanapita na kuni wakatimua mbio. Nilirudi nyumbani nikiwa nusu nimekubali wafukue.

Lakini ahadi ni ahadi. Alasiri iliyofuata, Mama Yustina alipokimbilia kwa jirani, mimi sikutoka. Nilifunga mlango nikakaa. Ukungu ukateremka, mabati yakaanza kulia, na ikaja. Nikainuka, nikaifuata ukutani kwa mkono. Ilikuwa juu ya kitanda chako, pale ukuta unapoachana na mabati. Nikapanda kitandani. Nikakuta gunia. Ni lile la vitu vyako vya kazi, mkeo mwenyewe alilisukumia pale baada ya matanga ili asiwe anaviona. Panya walikuwa wametafuna pembe yake, na penye tundu hilo la gunia limekaa fuvu la yule nyani wako, kisogo kimeelekea upepo.

Fuuu.

Nikaweka kidole gumba kwenye lile tundu kubwa. Kimya. Nikakitoa. Fuuu. Loo, Mjomba! Nilikaa kitandani kwako nikacheka mpaka nikalia, na hata siku ya mazishi sikulia hivyo. Maana kumbe hukuwepo. Nilikuwa nimekuogopa mwezi mzima, na mwezi huo mzima nilikuwa kama bado ninaye mjomba.

Nikamwita Mama Yustina. Nikamwonyesha, naye akaweka kidole mwenyewe, akakitoa, akakiweka tena. Nilingojea matusi. Akakaa kitandani, akasema, "Kumbe ni huyu mwizi wa mahindi yangu." Nikang'oa kipande cha pamba kwenye mto wako, nikakiviringisha nilizibe lile tundu yaishe. Akanishika mkono.

"Acha," akasema.

Wazee tumewaeleza, wamecheka, kaburi lako limetulia na majani yameanza kuota. Nyani tumemrudisha palepale juu.

Sasa upepo umeisha, Mjomba. Msimu umegeuka, alasiri zimekuwa kimya kabisa. Wiki iliyopita nilimkuta Mama Yustina amekaa ndani, maharage hayajaguswa, macho yamemvimba. Alipanda kitandani, akamshusha nyani, akampangusa vumbi kwa pembe ya kanga yake, akanipa.

"Mpulize."

Nikapuliza kama ulivyonifundisha, taratibu, kutoka tumboni. Akafumba macho.

"Tena," akasema.

Nilipuliza mpaka kichwa kikazunguka.

Nakuaga hapa, taa inaniishia mafuta. Jambo moja tu. Nyigu wa udongo wameanza kuzungukazunguka pale juu ya kitanda chako, wanaona tundu zuri lisilo na mwenyewe, wataliziba kwa udongo wao. Nakuahidi, kila nikitoka kambini nitapita Ganako na mwiba wangu wa mgunga, nipande nilizibue kabla upepo haujarudi. Mkeo asije akangoja bure.

Lala, Mjomba, milango wazi.

Mpwa wako,
Paskali