Akili ya roboti inakula nini?

Mujukuu wangu Yusufu, jambo sana. Sisi huku Kisangani tuko wazima. Shangazi yako amezaa tena binti. Dada yako Neema ndiye anaandika, na iko ananicheka.

Bon, unaniuliza mimi, mutu sijasoma, ununue kaordinatere gani, kompyuta kadogo ka kuweka ndani ya roboti: ile ya nguvu sana ao ile ya bei kidogo?

Wakati wa vita babu yako alikwama Basoko, sikujua kama iko muzima. Radio ya baba yake ilikuwa kubwa, iliimba muzuri, lakini ilimeza mapile mingi, betri kila siku. Siku moja ikasema: «Mashua za Basoko...» Puu, ikazima! Nikakimbia kwa jirani, mama Zaina. Yake ilikuwa kadogo, pile mbili tu, sauti kama ya mbu.

Akaniambia: «Usipumue, tusikie!»

Ka radio kakasema: mashua zinafika leo! Nikakimbia ku port, kwenye mashua zinasimama. Babu yako akashuka na samaki yake, akashangaa: «Nani alikuambia?»

«Mbu.»

Donc, hizo akili za roboti, kila moja inakula pile ngapi? Na ikishiba, inatembea mpaka wapi? Uniambie, nataka kujua.

Koko wako, bibi yako.