Kabla Zamu Yetu Haijaisha

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Myamba mvua imechelewa, babu yako anakohoa, na magoti yangu yamenichoka.

Unasema mwaka huu umeamua kupunguza kununua vitu, ukaniuliza utajuaje kwamba ulivyo navyo vinatosha. Nilipoolewa hapa, tulimwagilia mashamba kwa zamu kutoka kwenye ndiva, bwawa la ukoo. Siku moja mama mkwe aliziba mfereji kabla zamu yetu haijaisha. Nikamwambia, "Mama, maji bado ni yetu."

Akasema, "Mahindi yameshakunywa."

Mimi pia nimeshakunywa, Neema. Sanduku langu limejaa vitenge ulivyonitumia, na vingine sijavivaa. Usininunulie kingine. Krismasi njoo mikono mitupu, ila uje.

Bibi yako