Koplo Aliyetuharibia Alama

Dada mpendwa,

Mafua yamepona, na sweta ulilonitumia limenikaa sawasawa.

Siku hizi hospitali yetu ya jeshi inatoa alama na pesa za motisha kwa wodi zinazoponya wagonjwa, si zinazopokea wengi. Nilifurahi, mpaka daktari mkuu alipotaka kumhamisha koplo mmoja ambaye kidonda chake cha mguu kiligoma kupona.

"Muuguzi, huyu atatuharibia alama."

"Afande, na atuharibie. Haondoki wodini kwangu."

Motisha ilitupita, wenzangu wakaninunia. Mimi nikaendelea kumsafisha kidonda kila asubuhi. Jana koplo alisimama, akanishika bega, akajikongoja hadi dirishani. Wodi nzima ililipuka kwa vigelegele, hata walioninunia.

Kesho naomba nipewe mwingine kama yeye.

Mdogo wako mbishi