Bi. Kuruthumu Binti Mikdad na Wimbo wa Sinema ya Kerege

Mwaka umetimia, Kuruthumu, tangu Mola wako alipokuita, na wajukuu wangali wakisita mlangoni kwanza, wakisikiliza kama unaimba.

Jikoni kwako hakufukuzwa mtoto wa mtu. Aliyekuja na njaa alikula. Aliyekuja na uongo naye alikula, kisha akaulizwa.

Wimbo wako ulikuwa mmoja, ule wa filamu ya Kihindi tuliyoonyeshwa Kerege, gari la sinema lilipokuja na shuka likatundikwa uwanjani. Maneno yake hukuyajua, lakini uliuimba ukikuna nazi, ukifua, ukibembeleza watoto. Mimi nilijifanya sisikii. Leo nakiri: mara ya kwanza nilipoisikia sauti ile ikipanda, ukiwa bado kwa wazazi wako, niliamua kukuposa.

Tulibishana jambo moja kwa miaka hamsini na miwili. Binti aliyeuimba wimbo ule katika filamu alichomeka ua la asumini sikioni. Nilisema sikio la kulia. Wewe ulisema la kushoto. Siku ya harusi yetu ulilivaa kushoto, na kila Idi vivyo hivyo, nami kila Idi nilikusahihisha mbele ya watoto.

“Mwalimu,” ulinijibu, “wewe una chaki, mimi nina macho.”

Siku ya hitima yako nilimsimulia ubishi wetu shoga yako, Bi. Swaumu, nikitaraji ataniunga mkono. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga.

“Shemeji, umesahau? Wanaume mlikaa mbele ya shuka, sisi tukawekwa nyuma yake. Kulia kwenu ndiko kushoto kwetu.”

Nilifundisha hesabu miaka thelathini na sita, wala hilo sikuwahi kulifikiri.

Mjukuu wetu Hajra aliutafuta wimbo ule kwenye simu. Nikamwamuru aielekeze kwenye kioo cha kabati lako, nami nikatazama kiooni. Ua lilikuwa kushoto. Subhanallah. Nilisimama pale mpaka wimbo ukaisha, kisha nikamwomba aurudie, nipate kuona ulichokiona wewe ukiwa binti wa miaka kumi na minane.

Ulisema kweli, mke wangu, nami nilikuita mbishi mbele ya wanao. Mbele yao hao hao, na mbele ya kila asomaye hapa, nakuomba radhi.

Unakumbukwa na mumeo, Mwalimu Shuaibu Pazi. Wanao Amiri, Sihaba na Arafa. Shoga yako Swaumu. Na wajukuu wote. Mwenyezi Mungu akurehemu. Maadamu tungali hai, hutasahaulika.